Baada ya Sindano ya Makunyanzi: Udhu, Sijda na Maagizo ya Tabibu

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Tumeletewa masuala mawili na imamu wa msikiti mmoja wa mjini, naye ametutaka tuyajibu kwa urefu kidogo kwa kuwa, kama anavyosema, yamekuwa yakimrudia mara kwa mara.

Suala la kwanza ni la mama mmoja aliyedungwa sindano za kuondoa makunyanzi ya paji la uso. Ilikuwa saa kumi kasoro robo, naye hajaswali Alasiri. Alipomaliza akaambiwa asiiname wala asilale kwa muda wa saa nne, na asiusugue uso wake. Mama yule akaona kuwa basi hawezi kutawadha wala kusujudu. Akaiacha Alasiri ikampita, kisha Magharibi nayo ikampita, akazilipa zote mbili usiku pamoja na Isha. Imamu wake alipoulizwa alimwambia tu kuwa kulipa kunatosha, lakini moyo wake haukutulia na jibu hilo.

Suala la pili ni la mwalimu wa shule mwenye maradhi ya kope kufumba zenyewe bila hiari yake. Daktari wa macho alimwambia kuwa dawa yake ni sindano ya aina hiyo hiyo. Mwalimu akasikia watu wakisema kuwa sindano hiyo ni haramu, akaacha tiba. Sasa hawezi hata kuvuka barabara peke yake.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo haya mawili yalivyo kinyume. Mmoja ameacha swala kwa ajili ya sindano, na mwengine ameacha tiba kwa ajili ya hukumu asiyoifahamu. Na chanzo chao ni kimoja: hawakuuliza kabla.

SINDANO HII NI NINI?

Kinachodungwa ni sumu. Inatokana na kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho huota katika chakula kilichofungiwa bila hewa na kisichohifadhiwa vizuri. Tabibu wa Kijerumani Justinus Kerner aliandika juu ya sumu hii katika miaka ya 1820, pale watu walipokuwa wakifa kwa kula soseji zilizoharibika. Mwaka 1895 mtaalamu wa Ubelgiji, Émile van Ermengem, akakigundua kijidudu chenyewe.

Kazi ya sumu hii ni kukata mawasiliano baina ya mshipa wa fahamu na msuli. Msuli ukikosa amri haukazi, na usipokaza hulegea. Ikiingia mwilini kwa wingi huua, kwa sababu misuli ya kupumua nayo hulegea. Lakini ikitolewa kwa kipimo kidogo mno, mahali maalumu, hulegeza msuli ule tu unaokusudiwa.

Daktari wa macho Alan Scott wa Marekani ndiye aliyeigeuza kuwa dawa ya makengeza, na mwaka 1989 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaikubali kwa makengeza na kwa maradhi ya kope kufumba bila hiari. Haya ya pili ndiyo maradhi ya mwalimu wetu. Huko Canada, mume na mke madaktari, Alastair na Jean Carruthers, waliona kuwa wagonjwa waliodungwa kwa ajili ya kope makunyanzi yao nayo yalipungua. Wakaandika juu ya jambo hilo mwaka 1992, na mwaka 2002 dawa ikakubaliwa kwa ajili ya makunyanzi yaliyo baina ya nyusi. Mwaka 2010 ikakubaliwa Marekani kwa kipandauso sugu. Jina la biashara linalojulikana zaidi ni Botox, ingawa yako mengine.

Athari yake huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika kwa kiasi cha wiki mbili, na hudumu miezi mitatu au minne. Kisha mshipa hurejesha mawasiliano yake, na makunyanzi hurudi. Kwa hiyo anayeitaka kwa uzuri hujifunga na jambo la kurudiwarudiwa.

HUKUMU YA ASILI

Kabla ya kusema juu ya yanayofuata sindano, ni lazima tuseme juu ya sindano yenyewe, kwa sababu tawi hufuata shina.

Ama ikiwa ni tiba ya maradhi, hukumu yake ni ya tiba nyengine. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na dalili iliyo karibu zaidi na jambo letu ni hadithi ya Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua siku ya vita vya Kulab katika zama za Jahiliya. Akajiwekea pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (s.a.w.) akamuamuru aweke ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini haja ya kurekebisha umbo lililoharibika iliihalalisha. Kuwa dawa hii asili yake ni sumu hakuizuii, maana mafakihi wamejuzisha kutumia kiasi kidogo cha sumu katika tiba pale usalama unapokuwa ndio ghalibu.

Ama ikiwa ni kwa ajili ya kuondoa alama za umri tu, wanavyuoni wengi wa zama hizi wameikataza. Wao hutazama hadithi ya Ibn Masud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayolaani wenye kuchanja, kunyoa nyusi na kutenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha maumbile ya Allah. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, lilitoa azimio namba 173 juu ya upasuaji wa kurembesha. Humo lilitamka kuwa haifai kuondoa makunyanzi kwa upasuaji wala kwa sindano, isipokuwa ikiwa ni hali ya maradhi na kwa sharti ya kusalimika na madhara. Mtu aliye kijana akaota makunyanzi kwa sababu ya ugonjwa si sawa na mzee aliyeyapata kwa miaka yake.

Wako waliolegeza, wakasema kuwa haibadilishi umbo kwa kudumu, basi ni kama wanja na hina, na hasa mke akijipamba kwa mumewe. Sisi tunaona kauli ya Baraza ndiyo yenye nguvu na ndiyo salama zaidi kwa dini ya mtu. Uzee ni katika mpango wa Allah, aliyetaja katika Suratur-Rum kuwa baada ya nguvu hujaalia udhaifu na mvi. Hata hivyo jambo lenye khitilafu halimtoi mtu katika Uislamu, wala halimuondolei imamu wajibu wa kumfunza aliyekwisha kulifanya. Amekwisha dungwa, na adhana inalia. Afanye nini?

MAAGIZO YA MATABIBU

Mgonjwa akitoka kwa tabibu kwa kawaida huagizwa mambo yafuatayo. Asisugue wala kukanda mahali palipodungwa, ili dawa isihamie msuli usiokusudiwa. Akae wima kwa saa nne hivi. Asilale, wala asiiname kwa muda mrefu. Kwa siku nzima aache mazoezi mazito, mvuke na joto kali. Pakivimba au damu ikivilia, aweke barafu iliyofungwa kitambaa, bila ya kukandamiza.

Dawa ikihamia pasipopaswa, jambo linalojulikana zaidi ni kope kushuka likaonekana jicho moja dogo kuliko jengine. Hutokea baada ya siku kadhaa, na huondoka lenyewe kwa wiki chache.

Hapa pana jambo ambalo imamu anapaswa kulijua. Katazo la kusugua na kukanda ni katazo lenye sababu ya wazi. Ama muda wa saa nne wa kukaa wima, matabibu wenyewe wanaueleza kuwa ni tahadhari. Ushahidi wake si wa nguvu, na wapo wasioushikilia. Tofauti hii ina uzito katika fiqhi, kwa sababu rukhsa hujengwa juu ya dhana yenye nguvu ya madhara, haijengwi juu ya wasiwasi.

UDHU

Mama yule alidhani kuwa hawezi kutawadha. Alikosea, na kosa lake ni la kutofahamu udhu wenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, faradhi ya uso ni kuosha, na kuosha ni maji kupita juu ya ngozi yote. Kusugua ni sunna, si nguzo. Basi aliyedungwa achote maji kwa viganja, ayamiminie juu ya paji la uso yateremke mpaka kidevuni, na udhu wake umetimia bila ya kidole kukandamiza kitu. Hana haja ya tayamamu. Bali tayamamu kwake ni mbaya zaidi, kwani ndani yake mna kupangusa uso kwa mkono, nako ndiko alikokatazwa.

Ndugu zetu Wamaliki wao wanaona kusugua ni wajibu, lakini humuondokea mwenye udhuru wa kudhurika.

Tundu la sindano halina bandeji, kwa hivyo hukumu za kupangusa juu ya bandeji haziingii hapa. Tone la damu linalotoka husamehewa kwa uchache wake, na kwa Mashafi'i kutoka damu mahali hapo hakutengui udhu. Kwa Mahanafi damu ikitiririka hutengua. Anayefuata madhehebu hayo na atawadhe upya. Na josho la wajibu lina hukumu hiyo hiyo: maji ya kawaida yamiminwe, na kusugua uso kuachwe.

SIJDA

Hapa ndipo penye uzito. Katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa ameamrishwa kusujudu juu ya viungo saba, na cha kwanza alichokitaja ni paji la uso. Mashafi'i wanashurutisha mambo mawili: sehemu ya paji iguse ardhi bila ya kizuizi, na kichwa kitue kwa uzito wake, kwa kiasi ambacho lau chini yake pangekuwa na pamba ingebonyea. Nalo paji ndipo mahali palipodungwa.

Jibu letu lina daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni kupanga wakati, na hii ndiyo bora kabisa. Baina ya Alfajiri na Adhuhuri pana muda mrefu usio na swala ya faradhi. Kwetu pwani Adhuhuri huingia baina ya saa sita na saa saba mchana. Anayedungwa saa mbili asubuhi, saa nne zake humalizika saa sita, na huenda Adhuhuri haijaadhiniwa. Hata akidungwa saa nne, saa zake humalizika saa nane, na Adhuhuri bado ina wakati kabla ya Alasiri. Ataiswali kamili, kwa rukuu na sijda zake, bila ya rukhsa yoyote. Mama yule angelichagua asubuhi badala ya alasiri, suala hili lote lisingelizaliwa. Mwenye kuagana na tabibu na aiangalie ratiba ya swala kabla hajakubali saa.

Daraja ya pili ni ya yule ambaye saa haikumpata. Na amuulize tabibu kwa uwazi: je, kuinama kwa muda wa tasbihi tatu, kisha kuinuka, kutanidhuru? Asiulize juu ya kulala, kwa sababu sijda si kulala. Akiambiwa hapana dhara, basi sijda ni wajibu kama kawaida. Na aifanye kwa upole, juu ya mkeka au zulia laini, akiweka sehemu ya paji isiyodungwa, kama vile karibu na nywele, maana sehemu yoyote ya paji inatosha. Asiuburure uso wake juu ya msala.

Daraja ya tatu ni ya aliyeambiwa na tabibu mwaminifu, mjuzi wa fani yake, kuwa atadhurika, na wakati wa swala unakwisha. Huyu ataswali ndani ya wakati kwa kadiri awezavyo: atasimama, atasoma, kisha ataashiria rukuu na sijda kwa kichwa, na ishara ya sijda iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Hakumpa daraja ya nne ya kuacha. Na kanuni ya mafakihi inasema kuwa jepesi haliondoki kwa kushindikana zito.

MASALA YA JICHO LA IBN ABBAS

Huenda msomaji akadhani kuwa haya ni mambo mapya yasiyo na mfano. La, yana mfano wa tangu zama za Masahaba. Imam Nawawi katika Al-Majmuu na Ibn Qudama katika Al-Mughni wameitaja habari ya Ibn Abbas (r.a.) alipopungukiwa na uoni. Akaambiwa na tabibu kuwa akivumilia siku saba akiswali kwa kulala chali, jicho lake litapona. Akawauliza baadhi ya Masahaba, akiwemo Bibi Aisha (r.a.), nao wakamuuliza hali ya swala yake itakuwaje akifa ndani ya siku hizo. Ibn Abbas akaiacha tiba ile.

Wanavyuoni wakakhitalifiana juu ya mwenye hali hiyo. Malik na Auzai hawakumruhusu kuacha kisimamo na sijda. Jabir bin Zaid, Sufyan Thauri na Abu Hanifa wakamruhusu, na ndiyo kauli sahihi zaidi kwa Mashafi'i na wengi wa Mahanbali, wakitazama kuwa Mtume (s.a.w.) aliswali kwa kukaa alipoanguka kutoka juu ya farasi akachubuka ubavu.

Zingatia hapa, ewe mwanafunzi. Wote hao wanazungumzia jicho, yaani kuona au kuwa kipofu, na juu ya hayo baadhi yao wakazuia. Itakuwaje basi kwa kunyanzi? Mwalimu mwenye maradhi ya kope anaingia moja kwa moja katika masala ya Ibn Abbas, na tunamfutu kwa kauli yenye wepesi. Anayetafuta uzuri hana jicho la kuliokoa.

Mtu atauliza: je, huyu wa pili rukhsa anayo, ilhali Mashafi'i wana kanuni kuwa rukhsa haifungamani na maasi? Tunasema: maasi, kwa wanaoyaona hivyo, yalikuwa katika kudungwa, nako kumekwisha. Kilichobaki ni hali yake ya udhuru. Mafakihi wamemtaja mtu aliyeruka kutoka juu kwa mchezo akavunjika mguu, wakasema ataswali kwa kukaa, na kauli sahihi ni kuwa halipi. Basi atubie kwa alilolifanya, na swala yake aiswali. Lakini mwenye kukusudia kudungwa karibu na Alasiri akijua kuwa ataipunguza swala yake, ilhali asubuhi ilikuwa mbele yake, huyo amejitia mwenyewe katika dhiki, na tunamwogopea.

FUNGA NA EDA

Sindano ya msuli haifunguzi, kwani si chakula wala haishiki nafasi ya chakula. Baraza la Fiqhi liliazimia hivyo Jeddah mwaka 1997, katika azimio namba 93. Ila kidonge cha maumivu akikimeza mchana, funga yake imebatilika. Na avumilie, au afanye sindano yake usiku.

Mwenye eda ya kufiwa na mume amekatazwa kujipamba kwa miezi minne na siku kumi. Sindano ya uzuri katika muda huo haifai hata kwa kauli ya wenye kulegeza, kwa sababu wao wenyewe wameifanya kuwa ni pambo. Ya maradhi haimo katika katazo hilo.

DALILI ZA KUMKIMBILIA TABIBU

Tumesema juu ya kuhifadhi swala, na nafsi nayo ni amana. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru mwaka 2009 dawa hizi ziwekewe onyo zito, kuwa athari ya sumu inaweza kuenea mbali na mahali palipodungwa, baada ya saa kadhaa hata wiki kadhaa. Akiona shida ya kumeza, ya kusema au ya kupumua, kuona viwiliwili, au udhaifu wa mwili mzima, asingoje swala ya jamaa wala dua ya mtu: aende hospitali saa hiyo hiyo. Kusoma dua njiani hakumzuii kwenda.

Na asidungwe na asiyejulikana. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza watu kudhurika, wengine wakalazwa, kwa sindano bandia au zilizotolewa na wasio na ujuzi. Ikiwa hayo yametokea huko, basi chumba cha saluni si mahali pa kumkabidhi mtu sumu. Mtume (s.a.w.) amemdhaminisha mwenye kujifanya tabibu asiyejulikana kwa utabibu. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye maradhi ya udhaifu wa misuli wamwambie tabibu hali zao kabla.

JIBU LETU

Ewe imamu wetu, mwambie mama yule kuwa kulipa peke yake hakutoshi. Swala mbili alizitoa nje ya wakati wake bila ya udhuru unaokubalika, kwa kuwa udhu aliuweza, na kama hakuweza sijda aliweza ishara. Amekwisha zilipa, imebaki toba, na mlango wake u wazi. Mwambie kwa upole, kwa sababu alikosa kwa kutojua, na huenda hakuna aliyemfunza. Kisha umnasihi juu ya sindano yenyewe, naye ndiye mwenye kujibu mbele ya Mola wake.

Na mwalimu mwambie arejee kwa daktari wake. Achague asubuhi, aswali Adhuhuri yake kamili, na avuke barabara kwa macho yaliyo wazi kwenda msikitini.

Wabillahi tawfiq.